Mgomba Ndani ya Jeneza

Nilikuwa Chalinze, nimeinama juu ya tenga la nyanya, simu ikaita. Alikuwa Kibwana, mtoto wa kaka yangu Mikdad.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Baba kaamkaje?"

"Uko wapi?"

"Chalinze, nachagua nyanya. Nakuuliza, baba kaamkaje?"

Nikasikia sauti za wanawake nyuma yake.

"Rudi, shangazi. Ziache hizo nyanya."

Kwetu mtu aliye safarini peke yake haambiwi msiba kwenye simu. Anaambiwa rudi, na mwenyewe anaelewa. Nikasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, nikaketi palepale chini. Muuza nyanya, mama wa Kikwere ambaye nimenunua kwake miaka mingi, hakuuliza kitu. Aliniondolea tenga mkononi, akanipa maji, akaenda kusimama barabarani kunitafutia gari la kupitia Msata.

Nitasema kweli, maana Mwenyezi Mungu anaijua hata nisipoisema. Jambo la kwanza kunijia halikuwa sura ya kaka yangu. Lilikuwa swali: nani atambeba?

Mikdad alikuwa ameishi Dunda, mjini Bagamoyo, karibu miaka arobaini. Nusu ya milango na vitanda vya mtaa ule vilitoka mikononi mwake. Seremala kama huyo akifa, watu hujaa mpaka njiani. Lakini alikuwa na kosa moja na mji, la miaka ishirini nyuma, na mtu aliyemkosea kuliko wote ndiye mwenye ufunguo wa chumba cha jeneza pale msikitini. Anaitwa Mzee Msabaha.

Sisi tulizaliwa Kaole, watoto wa mkulima wa minazi na mihogo. Baba alipofariki mimi nilikuwa darasa la tano. Mikdad aliacha kucheza mpira akaenda kujifunza useremala mjini, na kwa randa na msumeno wake akanisomesha mpaka kidato cha nne. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na tabia ya kugonga mbao kwa kucha na kuisikiliza kabla hajaikata, na mpaka leo nikipita mahali pana harufu ya mninga mbichi nageuka kumtafuta.

Mwaka 2004 alikuja Mazin. Ukoo wake ni wa Waarabu wa mjini Bagamoyo, wenye duka la vyombo tangu babu yao, lakini yeye hakutaka duka. Alikwenda kusoma utengenezaji wa filamu Misri, akarudi na daftari nene na nywele ndefu. Ndani ya daftari mlikuwa na hadithi ya waziri mmoja aliyegundua majina fulani ndani ya faili, akauawa siku moja kabla ya kulisoma bungeni. Karani wake, binti mdogo, analificha lile faili, na waliomuua waziri wanamsaka. Aliiita *Waziri Hakurudi*. Watu wa rika langu wanaijua. Imeonyeshwa kwenye televisheni mara zisizohesabika, na vijana wanaikatakata vipande na kurushiana kwenye simu.

Wanachokiona wao ni ofisi ya waziri. Mimi naona ghala la mbata la Dunda, ambalo Mikdad alilifagia siku tatu na bado likanuka nazi. Meza ile kubwa inayong'aa ni mbao laini za masanduku, kazipaka maji ya chai ya rangi na vanishi. Mlango mnene usiopitisha siri aliujaza sponji za godoro la mama yetu. Simu nyekundu haikuwa na waya. Damu niliipika mimi, kwa rangi ya ubuyu na uji mwepesi wa mhogo, kwenye sufuria ambayo wifi yangu Zuhura hakukubali kuipikia tena.

"Dada Adija," Mazin aliniambia siku ya kwanza, "damu yako inaita sisimizi. Waziri kalala maiti, sisimizi wanamwingia puani."

"Atulie basi. Maiti gani anapiga chafya?"

Aliyecheza waziri alikuwa Bwana Muhidini, mwalimu mstaafu mwenye tumbo na sauti ya kiserikali. Akainuka kutoka chini na damu yake shingoni. "Mimi leo nimekufa mara sita na sijanywa hata chai. Mwalimu wa kweli hawamfanyii hivi, sembuse waziri."

Tulicheka sana miezi ile. Mikdad alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake. Alikuwa mtu wa vifaa: akiambiwa bastola, anachonga bastola, akiambiwa gari la usalama, anazungumza na mwenye gari mpaka linakuja. Mazin alikuwa akisema, "Mwambieni Mikdad," na kitu kinapatikana. Nadhani hilo ndilo lililomharibu. Alizoea kuwa mtu asiyeshindwa kuleta kitu.

Ikabaki siku ya mazishi ya waziri. Katika hadithi, muuaji mwenyewe anabeba jeneza kwa mbele na kulia kuliko wafiwa, na yule karani anapitisha faili katikati ya umati, mkono kwa mkono. Mazin alitaka jeneza la kweli. Mikdad angeweza kuchonga, lakini Mazin alisema jipya litaonekana jipya. Basi Mikdad akaenda msikitini.

Kwetu jeneza haliulizwi sana. Mtu akija kulichukua, anapewa, maana maiti hangoji. Mzee Msabaha alimfungulia mlango akauliza neno moja tu, lile analouliza kila mtu.

"Nani katutoka?"

Mikdad akajibu, "Mgeni."

Inafaa mjue neno lile lilimwangukia nani. Mzee Msabaha alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Husseni, utingo wa lori. Lori lilipinduka mbele ya Singida, msimu wa mvua, barabara zimekatika. Watu wasiomjua wakamwosha, wakamswalia, wakamzika siku ileile. Baba yake alipata habari siku ya tisa. Tangu hapo, maiti wa mgeni akipita Bagamoyo, Mzee Msabaha hambebi hatua saba kama wanaume wengine. Anambeba mpaka kaburini, na kila anayemwambia apumzike anamjibu, "Wapo waliombeba wangu."

Mikdad aliyajua hayo yote. Alisema mgeni kwa sababu waziri wa kwenye hadithi alikuwa mtu wa bara na hakuwa na jamaa hapa. Ndivyo alivyojiambia.

Bwana Muhidini alipoliona lile jeneza alirudi nyuma. "Kufa nitakufa utakavyo, Mazin. Humo siingii kabla ya siku yangu." Hakuna aliyeingia. Lakini jeneza tupu linarukaruka mabegani, linajulikana hata kwa mtoto. Mikdad akakata migomba miwili nyuma ya nyumba yetu, akaifunga pamoja, akaizungushia shuka nyeupe, akaifunika. Uzito ukawa wa mtu mzima.

Walitembezwa watu arobaini waliokodiwa kutoka Dar. Mazin aliwarudisha mara tatu. Mimi nilikuwa barazani na masufuria, nikamsikia akilalamika, "Hawa wanatembea kama wamefuata mahindi ya msaada. Hakuna hata mmoja aliyefiwa." Mara ya nne walipoanza, swala ya alasiri ilikuwa imekwisha, watu wanatoka msikitini. Wakaona jeneza linapita, watu ni wachache, wanakwenda kwa kusuasua.

Nani aliyelelewa pwani ataona vile akaenda zake nyumbani? Waliingia. Hawakuuliza. Wauza samaki, mafundi baiskeli, wazee wenye mikongojo, kila mmoja anatia bega hatua chache na kumpisha mwenziwe, na la ilaha illa llah ikapanda mpaka nikasikia vinyweleo vinanisimama, mimi niliyejua ndani mna nini. Na mbele kabisa, bega lake kwenye mti wa jeneza, Mzee Msabaha analia kwa ajili ya mgeni.

Mazin alimshika mpiga picha bega: usizime. Kisha akamtazama Mikdad, na Mikdad akatazama chini.

Miaka yote iliyofuata Mikdad alinirudisha hapo. "Adija, nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Walinipita hivi, karibu hivi. Ningesema, jamani, huu mchezo. Nikanyamaza kwa sababu ilikuwa imependeza."

Walifika kwenye minazi, palipochimbwa kaburi la hadithi. Mazin akapiga kelele, "Kata!" Wale wa Dar wakacheka, wakaketi, mmoja akawasha sigara. Watu wetu wakabaki wamesimama na vumbi miguuni, hawajaelewa. Mzee Msabaha alikuwa bado amelishika jeneza. Alilitua taratibu, akafunua shuka. Akaitazama ile migomba, muda mrefu. Halafu akamtafuta Mikdad kwa macho.

"Mgeni wako ndiye huyu?"



Imamu alimwita kaka yangu, akatubu mbele ya watu, jeneza likaoshwa. Lakini mtaani akawa Mikdad Mgomba. Akipita kwenye baraza, utasikia mtu anamwuliza mwenziwe kwa sauti, "Leo mnazika ndizi gani, bukoba au mzuzu?" Mawaidha ya dini alivumilia, kejeli alivumilia. Kilichomvunja ni filamu yenyewe ilipotoka. Kwenye kasha la kila CD, ile sura iliyowekwa mbele haikuwa ya waziri wala ya karani. Ilikuwa ya Mzee Msabaha analia. Ilining'inizwa kwa vinyozi, kwenye vibanda vya stendi, mpaka Dar. Wageni walimsimamisha njiani kumwambia, "Mzee, wewe unajua kuigiza."

Mikdad alimfuata Mazin dukani kwao, akamsihi aiondoe sura ile.

"Mikdad, ndugu yangu," Mazin alisema, "hiyo sura ndiyo filamu yenyewe. Nikiitoa nabaki na nini?"

Basi Mikdad akaanza wazimu wake. Alinunua kila CD aliyoiona Bagamoyo, akakaa karakanani na wembe kukata ile sura kwenye makasha, moja baada ya moja. Zuhura alilia, akaniita nimzuie. Nilimkuta na mapande ya nyuso mapajani kama taka za randa. Nikamwambia wanachapisha nyingine Kariakoo usiku na mchana, hutazimaliza. Akasema, "Najua." Akaendelea kukata.

Kwa Mzee Msabaha alikwenda kuomba radhi mara tatu, Idi tatu. Mara ya kwanza mzee hakufungua mlango. Mara ya pili alifungua akafunga. Mara ya tatu akasema, "Ulichukua jeneza ukatia uongo. Siku utakayolala humo wewe ndiyo siku nitakayokujibu." Basi. Wakaswali msikiti mmoja miaka kumi na tisa, safu moja wakati mwingine, hawasemezani.

Mwaka jana, mwezi wa mfungo mosi, kaka yangu alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukafungwa. Alichoweza ni kuinua mkono wa kushoto na kuuelekeza dirishani, upande wa msikiti. Zuhura akidhani anataka kuswali, anamtayamamisha, udhu wa mchanga badala ya maji. Anatikisa kichwa. Anaelekeza tena. Mimi nilijua anachotaka. Miezi minne aliuinua mkono ule, na mwisho ukawa hauinuki, anaelekeza kwa macho.

Wiki moja kabla hajafa nilivaa baibui langu nikaenda kwa Mzee Msabaha. Macho yake sasa yameingia ukungu, hamtambui mtu mpaka aseme.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani?"

"Adija. Dada yake Mikdad."

Akageuza uso.

"Babu, kaka yangu anakufa na hawezi kusema. Nimekuja kusema badala yake. Mpe radhi, babu. Neno moja tu, nimpelekee."

"Yumo ndani ya jeneza?"

"Hayumo."

"Basi bado."

"Babu, na wewe u mtu mzima. Ukitangulia wewe je?"

"Nikitangulia nitamngoja huko." Akapapasa mkongojo wake. "Mwanangu, wewe sina ugomvi nawe. Nenda kamuuguze ndugu yako."

Nilirudi, nikamkuta Mikdad ananitazama toka mlangoni. Nikamwambia mzee kasafiri. Mwenyezi Mungu anisamehe, nilimdanganya mtu anayekufa, na nadhani hakuniamini.

Nilipofika kutoka Chalinze, adhuhuri ilikuwa imepita. Wamemaliza kumwosha, sanda amevishwa, uso bado uko wazi. Alikuwa amepungua, kama mbao iliyopigwa randa kupita kiasi. Chini ya turubai nikahesabu wanaume kumi na mmoja, wanne wao jamaa zetu wa Kaole. Mazin alikuwa ametuma salamu za rambirambi kutoka Maskati. Maduka ya jirani yalikuwa wazi, na watu ninaowajua walikuwa wakipita upande wa pili wa njia wakiangalia simu zao.

"Jeneza liko wapi?" nikamwuliza Kibwana.

"Nilikwenda tangu saa nne. Mzee kaniuliza, nani katutoka? Nikamwambia, baba yangu, Mikdad. Akasimama na ufunguo mkononi. Halafu akasema nenda. Sijui maana yake, shangazi. Nenda, basi."

"Hukumsihi?"

"Nimsihi vipi? Kafunga mlango."

Mmoja wa wajomba akasema tutafute msikiti mwingine, mwingine akasema tumtie kwenye gari la mizigo twende naye Kaole, alasiri inaingia. Zuhura alikuwa ameketi kichwani kwa mumewe, amemshika sanda kama mtu anayezuia asianguke. "Asiende kwa gari la mizigo," alikuwa akisema. "Hakuwa gunia. Asiende kwa gari la mizigo." Nilitaka kusoma Yasini, nikaianza mara tatu, na kila mara nilipotea palepale. Nilikuwa nimeishiwa. Nilimwambia Mola wangu kwa moyo kwamba sina kwa kwenda, na sikuwa na dua nyingine.

Ndipo watu chini ya turubai wakasimama. Nikachungulia. Wanaume wawili walikuwa wamebeba jeneza lile la zamani, na mbele yao Mzee Msabaha na mkongojo wake, anakuja polepole kwa sababu haoni mashimo ya njia. Ndiyo maana alichelewa. Hakukubali litangulie bila yeye.

Aliingia ndani, wanawake tukajisogeza.

"Yuko wapi?"

"Mbele yako, babu," nikasema.

"Safari ile nilibeba kwanza, nikatazama baadaye. Safari hii natia mkono kwanza."

Akapiga magoti kwa tabu. Kibwana akamwongoza mkono. Aligusa paji la uso, akashuka puani, kwenye ndevu, akaacha kiganja shavuni.

"Huyu ni mtu," akasema. "Mtieni."

Uso ukafunikwa, kaka yangu akawekwa ndani ya jeneza. Mzee Msabaha akaushika mti wake kwa mkono mmoja, akainama.

"Mikdad. Nilisema nitakujibu siku hii. Langu mimi nimekusamehe. Lakini machozi yale hayakuwa yangu, yalikuwa ya Husseni. Hayo kamwombe mwenyewe." Akanyanyuka. "Haya. Nani yuko nyuma? Inueni."

Sisi wanawake hatuendi kaburini. Nilisimama mlangoni na Zuhura. Walitoka watu kumi na watatu na mzee mmoja kipofu aliyetia bega mbele kushoto. Walipofika kwenye duka la kwanza, mwenye duka akaweka ufagio chini akaingia. Vijana wa bodaboda wakazima pikipiki. Wengine walijua ni nani, wengine hawakujua. Wapo waliobaki wameketi, nawajua, siwataji. Jeneza likapokewa bega kwa bega mpaka likapinda kwenye kona ya msikiti, sikuliona tena.

Kibwana ndiye aliyenieleza yaliyobaki. Aliswaliwa baada ya alasiri, safu tatu. Alizikwa kabla jua halijashuka. Kibwana na mjomba wake walishuka kaburini kumpokea, wakamlaza ubavu wa kulia, wakafungua vifundo vya sanda, wakapanga mbao. Mbao zilikuwa zake mwenyewe, za karakanani. Mzee Msabaha alitupa mchanga mara tatu, akakaa mpaka maiti akasomewa talakini, ukumbusho wa mwisho pale kaburini. Kisha akalirudisha jeneza msikitini pamoja na wale wawili, akalipangusa vumbi kwa kanzu yake, akafunga mlango, akaenda nyumbani.